Mwaka wa Kupika Bila Kulisha

Kijana aliyeshika maikrofoni kwenye mazishi ya Tapsubei hakujua aniweke wapi. Alikuwa amemwita mtoto wa pekee wa marehemu, na Kiprono akasimama akiwa amevaa suti nyeusi. Akaita mashemeji, majirani, kina mama wa kanisa, hata daktari wa ng'ombe aliitwa akapunga mkono. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya hema na leso begani, nikingoja kusikia nitaitwa nani. Kijana akatazama karatasi yake, mzee mmoja akamnong'oneza jambo, kijana akatabasamu kwa aibu, halafu akasema, "Na huyu mama pia ni wa familia, Mungu ambariki." Watu wakapiga makofi mawili matatu ya heshima na ratiba ikaendelea. Nyuma yangu nilisikia msichana akimuuliza mwenzake, "Kwani huyo ni nani?" na mwenzake akajibu, "Ati ni bibi ya marehemu," na wote wawili wakaziba midomo wasicheke mbele ya jeneza.

Siwalaumu wale wasichana. Mambo yetu ya zamani wamesomewa shuleni tu, wakayasahau baada ya mtihani. Kwetu Wakipsigis, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana. Msichana akizaa, mtoto ni wa nyumba ya yule mwanamke, anabeba jina la mume aliyekufa na kurithi shamba lake. Mwanamume aliyehusika haulizwi. Wageni wakisikia hivyo hufikiria mambo ya ajabu, lakini hakuna la ajabu. Ni mambo ya shamba na jina. Tapsubei alinioa mimi. Kiprono nilimzaa mimi. Nilivyofika kwenye nyumba ile sitaeleza, maana walioniamulia wote wamekufa na sina haja ya kuwasema. Ng'ombe walitoka, mimi nikaingia. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule ambao mtoto wangu alikuwa anaelekea miaka mitatu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilitaka jambo moja tu duniani: Kiprono ajue kwamba mimi ndiye mama yake, na siku nikiondoka aondoke na mimi.

Mwaka huo nilipata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya watoto ya shamba moja kubwa la chai, upande wa chini ya Mogogosiek. Ilikuwa banda refu la mbao na mabati, ukuta umepakwa rangi ya kijani nusu ya chini na nusu ya juu ikaachiwa moshi. Kina mama wachuma chai walileta watoto ukungu ukiwa bado umelala kwenye mistari ya chai, wao wenyewe tayari wamevaa aproni za plastiki na vikapu mgongoni, wakiwabwaga watoto mlangoni bila kugeuka nyuma kwa sababu ukigeuka mtoto analia na msimamizi anapiga kelele. Ndani kulikuwa na harufu ya mkojo, maziwa na kuni za mkaratusi. Mabenchi yalikuwa mafupi mpaka mtu mzima akikaa magoti yanamgusa kidevu. Kati ya jikoni na chumba cha watoto kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na mimi maisha yangu ya mwaka ule niliyaona yote kupitia kidirisha hicho. Kiprono nilikuwa nakuja naye asubuhi mgongoni, namshusha kwa wenzake, naingia jikoni.

Mkubwa wangu alikuwa Mama Kwamboka, mwanamke wa Kisii mwenye mikono mipana na mdomo usiopumzika. Kabla yake watoto walikuwa wanapewa kabichi iliyochemshwa mpaka ikawa ya kijivu, na walikuwa wanaitema. Yeye aliwahi kufanya kazi kwa nyumba ya bosi mmoja wa kizungu, huko akaona mboga zikikaangwa kwenye karai upesi upesi, moto mkali, bila maji, na akaamua watoto wa wachuma chai watakula vile vile. "Kata kama punje ya mahindi," aliniambia siku ya kwanza. "Hii yako ni ya ng'ombe, si ya mtoto." Nilikata tena. Kitunguu kiliingia kwanza mpaka kiwe kitamu, halafu karoti, kwa sababu karoti ina kichwa kigumu, halafu minji na hoho nyekundu, kabichi ikaja karibu na mwisho, na mayai yakapigwa na kumwagwa juu huku mwiko haupumziki. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu. Nikamuuliza, "Na pilipili?" Akasema, "Pilipili pelekea bwana yako." Halafu akakumbuka bwana yangu ni nani, akashika meza akacheka mpaka machozi yakatoka. "Nisamehe, mtoto wa wenyewe. Nimesahau bwana yako anafunga kitambaa kichwani." Nilicheka pia. Sijui mtu mwingine aliyewahi kunichekesha juu ya jambo lile.

Kina mama hawakuipenda ile mboga hata kidogo. Kwetu mboga huchemshwa mpaka ilegee, ikatiwa maziwa, ikalala, ikaamka. Saa ya chakula wengine waliokuwa wanachuma karibu walikuja kuchungulia dirishani, majani yakiwa yamewajaa vikapuni, na tuliwasikia wakilalamika kwa ile lafudhi yetu ya Kikipsigis. "Hii mpoga ni mpichi! Inalia kwa meno!" "Ni mambo ya Wakisii. Wanataka kuua watoto na tumpo." Mama Kwamboka aliwajibu bila kugeuza kichwa, "Mama, mtoto wako amemaliza sahani na anaomba ingine. Muulize yeye kama ni mbichi." Na ilikuwa kweli. Hata wale waliokuwa wanakula udongo waliacha. Mimi nilikuwa najivunia kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na hadi leo kwenye shule ninayopikia Londiani sijaibadilisha.

Lakini kulikuwa na sheria moja kwenye nyumba ile: mpishi halishi mtoto wake. Mama Kwamboka alinieleza siku ile ile ya kwanza. Mpishi aliyenitangulia alikuwa anachagua mayai yote na kuyaweka kwenye sahani ya mtoto wake, kina mama wakagundua, wakaja na visu vya kupogolea chai wakitaka kumkata. Tangu siku hiyo, ukiwa na mtoto pale, wewe pika, mtu mwingine atagawa na mtu mwingine atalisha. "Si eti nakuchukia," alisema. "Hawa watu wakikuona umeshika kijiko karibu na mtoto wako, kesho sisi wote hatuna kazi." Nilikubali. Ningefanyaje? Nilidhani ni jambo dogo.

Siku za mwanzo Kiprono aliniona kwenye kidirisha akalia na kunyoosha mikono. Mama Kwamboka akamgeuza akae akiangalia ukuta, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, akimwimbia kwa Kigusii. Mimi nilisimama na mwiko nikimsikiliza mtoto wangu akilia upande wa pili wa mbao nyembamba, na karai halingojei mtu, mboga zikiungua ni watoto wote wanalala njaa. Baada ya muda akaacha kulia. Akawa anakula bila kutazama kidirisha, anaomba ya kuongeza kwa Mama Kwamboka, anamshika aproni. Siku aliyokula sahani nzima bila kunitafuta kwa macho walinipongeza. "Mtoto amekuwa mwanaume sasa," walisema, na mimi nilisema asante.

Jioni mambo yalikuwa yale yale kwa njia nyingine. Mama Kwamboka aliniruhusu kubeba mabaki kwenye kikopo cha mafuta ya kupikia chenye kifuniko, na nilikuwa napanda nacho mlima katikati ya chai, Kiprono mgongoni, kikopo mkononi bado kina moto kidogo. Nikifika, Tapsubei alikuwa amekaa mlangoni akingoja mtoto. Nilimpa kikopo kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumpa mwenye nyumba, yeye akamchukua mtoto, na mimi nikachukua ndoo kwenda kukamua. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa nyuma ya jikoni, na ukuta ulikuwa na nyufa, kwa hiyo nilisikia kila kitu nikiwa nimeinama chini ya tumbo la ng'ombe. "Fungua mtomo, papa," Tapsubei alikuwa anamwambia. "Hii nyekuntu ni ya macho. Hii ya kijani ni ya kukimpia. Kula, papa, shampa linakungoja." Kila kijiko alikionja kwanza kwa ncha ya midomo asije akamchoma. Mtoto alikuwa anacheka. Nikimaliza kukamua, kuchota maji na kufunga ndama, alikuwa ameshalala mapajani mwa Tapsubei, kipande cha karoti kwenye shavu.

Ningependa kusema alikuwa mwanamke mbaya. Ningekuwa nimepumzika zamani. Hakunipiga, hakuninyima chakula, nguo ya kanisa alininunulia kabla ya kujinunulia yake. Alikuwa amekaa miaka mingi katika nyumba ile bila mtoto, akiwasikia shemeji zake wakiongea juu ya shamba lake kama vile yeye ameshakufa, na Kiprono alipozaliwa alizunguka boma akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hakuninyang'anya mtoto kwa chuki. Alimchukua kama kitu alichokuwa amekingoja maisha yake yote, na ambacho kila mtu aliyekuwepo, mchungaji akiwa mmoja wao, alikubali kwamba ni chake. Mimi mle ndani niliitwa Chebet. Kwa desturi mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na mimi nilistahili kuitwa Bot Kiprono, mama wa Kiprono, lakini jina hilo lilimkalia yeye. Mtoto anashika anachosikia. Tapsubei akawa Kogo, yaani nyanya, na mimi nikawa Chebet hata kwake.

Niliposikia kwamba shule moja ya watoto wadogo huko Londiani inatafuta mpishi wa kukaa pale pale, na mpishi anapewa chumba, nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu. Mama Kwamboka ndiye aliyeniambia. "Chukua mtoto wako uende," alisema huku akimenya viazi. "Hapa utazeeka ukiitwa msichana." Nilimwambia Tapsubei asubuhi moja akisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kijiti cha makaa. Nilimwambia nataka kwenda na nataka kwenda na Kiprono. Hakuacha kusugua. "Wewe enta," alisema. "Hakuna mtu amekufunga kampa. Mtoto ni wa hapa." Nikamwambia mtoto ni wangu, nimemzaa mimi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira, akasema, "Kwani nimekataa umemzaa?"

Jumapili baada ya kanisa akaja Arap Rotich, ndugu wa mume wa Tapsubei, mzee mrefu wa kofia aliyeaminiwa kumaliza maneno ya ukoo. Walikaa sebuleni, vitambaa vyeupe vya kushonwa vikiwa juu ya kila kiti, chai ya maziwa mezani, na majirani wawili wa kusikiliza. Mchungaji naye alipita, akaombea chai, akasema haya ni mambo ya nyumbani, akaenda zake. Nilisema maneno yangu yote. Niliyasema vizuri, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima nikikata karoti. Arap Rotich alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli hata leo siwezi kusema alinikatiza. Halafu akamwita Kiprono aliyekuwa anacheza na gurudumu la waya mlangoni, akamsimamisha katikati ya magoti yake.

"Kiprono, mzee wangu. Nani anakupatia chakula?"

Kiprono hakufikiri. "Kogo," alisema, akamwonyesha kwa kidole.

"Na ile mboga tamu unaniambianga, ya karoti na mayai?"

"Kogo."

"Na huyu ni nani?"

Akanitazama. Alinitazama kwa uzuri, kama mtu anayejua jibu na anataka kusifiwa. "Huyu ni Chebet."

Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wazima wanavyomcheka mtoto mwerevu, na jirani mmoja akampigia makofi. Nilisimama. Nilisema kwamba mboga hizo napika mimi, kila siku napika mimi, nazibeba mimi, Kogo hajui hata mafuta yanawekwa wakati gani. Tapsubei aliangalia chini kwenye kikombe chake na hakubisha. Arap Rotich akangoja nikae, halafu akaongea taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Hatujakataa unapika, msichana wetu. Hata sufuria inapika. Umewahi kusikia mtu anaita sufuria mama?"

Nimeishi na maneno hayo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimeyajibu nikiosha vyombo, nikiwa nimelala, nikiwa kanisani wengine wanapoimba. Nimemjibu kwamba jikoni kwa watoto nilikatazwa na sheria, na nyumbani nilikatazwa na heshima, na kwamba ng'ombe hajikamui. Nimemjibu kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui chakula kinatoka wapi, anajua tu mkono uliokileta mdomoni, na wazee wazima walikubali kuongozwa na ujinga huo kwa sababu uliwafaa. Siku ile sikusema lolote kati ya haya. Niliokota vikombe nikaenda kuviosha, maana chai ilikuwa imekwisha na hiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilikwenda Londiani peke yangu. Nilidhani nitapata mshahara, nitajipanga, nitarudi kumchukua. Nilirudi, ndiyo, kila likizo, nimebeba mkate na viatu, na kila mara alikuwa mrefu zaidi na mwenye adabu zaidi. Alinipa mkono, akaniletea kiti, akaniuliza habari za Londiani na baridi ya huko. Alipokwenda sekondari ndipo akaanza kuniita mama, kwa sauti ile ile aliyomwitia mwalimu wake na mwenye duka. Tapsubei alikuwa ananisindikiza mpaka barabarani, akinishika mkono, akisema, "Anasoma vizuri, Chebet. Tumshukuru Mungu." Alikuwa anaamini kabisa kwamba tunafurahia kitu kimoja.

Sasa tumemzika. Siku ya pili baada ya mazishi wageni walikuwa wameondoka, mahema yamefunguliwa, na kwenye nyasi kulikuwa na alama za miguu ya viti. Mke wa Kiprono, msichana wa mjini anayeitwa Mercy, alikuwa anahangaika jikoni na binti yao ambaye amekataa kila kitu tangu wafike: ugali amekataa, wali wa mazishi amekataa, hata maziwa anasukuma. Kiprono akasimama mlangoni amekunja mikono ya shati, akamwambia mkewe, "Ungejua mboga Kogo alikuwa ananipea nikiwa mdogo. Karoti, kabichi, mayai, zimekatwa kadogo hivi. Hazina pilipili, hazina nini, lakini tamu! Sijui alikuwa anaweka nini."

Nilitafuta kisu. Karoti zilikuwepo zilizobaki na mazishi, na vitunguu, na nusu kabichi, mayai nikamtuma jirani. Nilikata kama ninavyokata kila siku ya kazi, nikawasha moto mkali, na Mercy akasogea kutazama, akiuliza maswali mazuri, kwa nini karoti kwanza, kwa nini bila maji. Harufu ilipopanda niliona uso wa Kiprono pale mlangoni ukibadilika kabla hajaonja. Akaja akachukua kijiko, akachota moja kwa moja kwenye karai, akafumba macho.

"Ni hii," akasema. "Mercy, onja. Hii ndiyo ya Kogo."

Nikamwambia. Nilimwambia bila kupandisha sauti, nikiwa bado nimeshika mwiko. "Kogo hakuipika hii mboga hata siku moja. Nilikuwa naipika mimi kwa nyumba ya watoto. Nakuja nayo jioni kwa kikopo, nampatia, yeye anakupa."

Alitafuna akameza. Hakukasirika. Ni mwanamume mpole, amelelewa vizuri, hilo lazima niseme. Alinitazama kwa muda, akijaribu kwa kweli kunikumbuka mahali fulani kwenye ladha ile, na niliona hanioni.

"Sasa mama," akaniuliza, "kwa nini hukunilisha wewe?"

Mercy alikuwa tayari amepakua kwenye bakuli na kupuliza. Mtoto akafungua mdomo.